Hiyo Mvua Inanyesha Kwako Tu?

Kama kawaida yetu, vua viatu, vuta kiti, tuongee.

Ukiwauliza watu ni vitu gani vinavunja nyumba, watakutajia vile vile kila siku: pesa, ndugu wa mume, simu inayolazwa kifudifudi mezani. Leo nakuongezea kimoja ambacho hakipo kwenye orodha ya mtu yeyote. Mvua. Usicheke, sitanii.

Shoga yangu mmoja tuliyesoma naye chuo ni mtumishi wa serikali huko Ruangwa, mkoani Lindi. Mumewe anafanya kazi Dar. Makubaliano yao yalikuwa mazuri tu: mwezi huu wewe uje, mwezi ujao nije mimi. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri hadi Desemba. Januari bibie akaahirisha safari. Februari, tena wiki ile ya Valentine, akaahirisha tena. Machi alipopiga simu kusema basi halipiti, mume hakujibu kitu. Baadaye ikaingia meseji ya maneno matano: "Hiyo mvua inanyesha kwako tu?"

Jamani! Yaani pale tayari mke kashahukumiwa. Mume anaangalia dirishani kwake Kinondoni, jua linachoma, watu wamevaa miwani ya jua, halafu anaambiwa mvua imeharibu safari. Wewe ungeamini?

Kalenda mbili, ndoa moja

Kiukweli huyo shemeji hakuwa mtu mbaya. Hakujua jambo moja tu, na wengi wetu tuliokulia Dar, Tanga au Arusha hatulijui. Sisi tuna misimu miwili ya mvua: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Katikati hapo, Januari na Februari, tunapumua. Lindi, Mtwara na Ruvuma hawana mapumziko hayo. Wao wana msimu mmoja mrefu, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huuhesabu kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo Valentine yako ya jua kali ndiyo Valentine yao ya matope.

Na Ruangwa si kijiji cha kusahaulika. Mashabiki wa soka wanaijua kwa Namungo FC, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 ikamaliza nafasi ya nne, kisha msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Uwanja wao una jina la Kassim Majaliwa, mwana Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025. Jirani zao ni Nachingwea, mji wa historia, ambako Waingereza walileta mradi mkubwa wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940 pamoja na reli yake. Reli hiyo iling'olewa miaka ya 1960, na tangu hapo kila kitu kimebaki juu ya barabara. Barabara ikikatika, umekwama.

Barabara moja tu

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, watu wa kusini walikuwa wanavuka kwa pantoni, na mto ukijaa wanasubiri. Wazazi wetu waliofanya kazi huko wanazo hadithi za kulala njiani. Daraja lilipokuja tukadhani kasheshe limekwisha.

Halafu ikaja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilisogea kwenye pwani yetu, na tarehe 4 Mei kikafika maeneo ya Mafia. Boti za Dar na Zanzibar zikasimama. Kimbunga chenyewe kilipoteza nguvu haraka, watu wa Dar wakaanza kutaniana kwamba mbona hakuna kitu. Lakini mvua iliyoshuka Kilwa ilikata barabara kuu ya kusini pale Somanga na maeneo mengine ya jirani. Kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zilitengana na Dar. Mabasi yakapanga foleni huku na huku, abiria wakalala humo humo. Aliyetaka kufika kusini kwa gari ilimbidi azunguke Iringa, Songea, Tunduru na Masasi. Piga hesabu mwenyewe: Dar hadi Lindi ni kama kilomita 450 tu, na mzunguko huo unazidi kilomita 1,300.

Hilo halikuwa la kwanza. Mwishoni mwa Januari 2020 mafuriko ya Kilwa yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Na Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara walifunga shule na ofisi. Kikapiga Msumbiji, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado, na Mtwara ikapona. Wapo waliolalamika kwamba walifungiwa bure. Msomaji wangu, hakuna cha bure hapo. Waulize wa Msumbiji.

Sasa rudi kwenye ile meseji. Ndani yake kuna hatari kubwa kuliko wivu. Mtu akiambiwa mara tatu kwamba hapendi kwa sababu hasafiri, mara ya nne atasafiri. Atapanda bodaboda pale basi liliposhindwa. Atafika kwenye mto umejaa, atakuta vijana wanaovusha watu kwa elfu mbili, atakunja suruali, ataingia. Yote ili kuthibitisha mapenzi! Wataalamu wa mafuriko wanasema maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuibeba gari ndogo. Zikifika 60, hata lile gari kubwa la mjomba halina ubavu. Sentimita 15 hazifiki hata nusu ya goti lako.

Mimi namwambia kila mtu: usimpime mwenzako kwa mto uliojaa. Huyo shemeji tulimtumia picha za barabara, tena zikiwa na tarehe, akaelewa. Siku hizi ndiye wa kwanza kuuliza, "Huko mawingu vipi? Usitoke kama hali mbaya." Wamehamishia safari zao kubwa Juni hadi Oktoba, na miezi ya mvua wanakutana pale tu njia inapopitika. Hawajaachana, na wala hawagombani kama zamani.

Bonanza likifutwa, baa haifutwi

Tuje kwa wale wanaoishi pamoja. Mnadhani nyie mmepona? Subirini.

Miji midogo kama Ruangwa na Nachingwea haina sinema wala maduka makubwa ya kuzungukia wikiendi. Raha ya Jumamosi kwa vijana wengi waajiriwa ni michezo. Kuna mechi za watumishi, walimu na afya, polisi na wafanyabiashara, kuna maveterani wenye vitambi vyao, kuna akina dada wa mpira wa pete, kuna jogging ya alfajiri. Hapo ndipo mtu mgeni aliyepangiwa kazi anapata marafiki. Sasa mvua ikianza, uwanja wa shule wenye nyasi nusu na udongo nusu unakuwa bwawa. Mechi inasogezwa wiki ijayo, wiki ijayo inasogezwa tena, mwisho timu inakufa kimya kimya hadi kiangazi.

Akina dada walionitumia barua kuhusu hili wote wanasema kitu kimoja: mechi inafutwa, lakini jamaa anaondoka nyumbani saa ile ile na kurudi usiku zaidi ya siku za mechi. Si ajabu. Bonanza likifutwa, baa haifutwi. Mwanaume huyo hakuwa anafuata mpira peke yake, alikuwa anafuata wenzake. Ukimnyang'anya uwanja bila kumpa pa kukutana nao, atapatafuta.

Na akina kaka nao wana lao. Mmoja aliniambia, "Dada Mhariri, nikikaa nyumbani Jumamosi naonekana nimeharibikiwa. Mke wangu ananiuliza kama nimefukuzwa kazi." Nikacheka, lakini kuna ukweli. Wapo wanandoa ambao michezo ndiyo iliyowasaidia wasijue kwamba hawana cha kuongea. Miezi sita ya mvua inawaonyesha.

Ushauri wangu? Waiteni hao wachezaji nyumbani. Mechi ikifutwa, mihogo ichemshwe, karata zitoke, shemeji aje na mkewe. Itakugharimu sufuria moja kubwa na kelele kidogo, ila utamjua mume wako anacheka na nani.

Kitu kimoja ambacho hakina mjadala: radi. Maveterani ndio wabishi wakubwa, "dakika kumi zimebaki, tumalizie." Ukisikia ngurumo, mpira umekwisha. Tokeni uwanjani, ingieni kwenye jengo imara au ndani ya gari, msijifiche chini ya mwembe, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Januari 2025 wilayani Bukombe, Geita, radi iliua wanafunzi saba wa sekondari wakiwa shuleni. Radi haina adabu na mtu.

Mtoto aende au abaki?

Hapa ndipo ugomvi wa asubuhi unapoanza. Saa kumi na mbili kasoro, mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani. Mama anasema mtoto abaki. Baba anasema sisi tulikuwa tunatembea kilomita nane na daftari kwenye mfuko wa plastiki na tukafaulu. Mtoto amesimama na soksi moja anawasikiliza.

Aprili 2024 jijini Arusha gari la shule lilisombwa na maji ya korongo, na watoto wakapoteza maisha. Wale walikuwa kwenye gari, tena mjini. Mwezi huo huo Kenya iliahirisha kufungua shule kwa sababu ya mafuriko, na zilifunguliwa tarehe 13 Mei badala ya 29 Aprili. Ikiwa nchi nzima inaweza kusogeza muhula, nyumba yako haiwezi kusogeza siku moja?

Lakini akina mama wenzangu, tusizidishe. Si kila manyunyu ni kimbunga. Kusini, ukimweka mtoto ndani kila mvua inaponyesha, atamaliza darasa la pili hajui kusoma. Hata mchujo wa timu za shule za UMITASHUMTA na UMISSETA unaangukia miezi ya mvua, maana mashindano ya taifa kwa kawaida ni katikati ya mwaka. Mtoto mwenye kipaji asiyetoka nje hatachaguliwa. Suala ni njia anayopita, si mvua yenyewe. Ina mto? Ina korongo? Ina kivuko cha magogo? Kama ipo, siku ya mvua kubwa anabaki, na mwalimu anapigiwa simu. Kama haipo, avae koti la mvua aende.

Kubalianeni kabla ya Novemba

Wazee wa Kimwera na Kimakonde hawakuwa wajinga. Jando na unyago vilifanyika kiangazi, baada ya mavuno, chakula kipo na njia zinapitika. Waliipanga furaha yao kwa kuangalia anga. Sisi tunapanga harusi Machi halafu tunashangaa kamati haijafika. Kwa hiyo, wapendanao, kaeni chini mapema mkubaliane haya:

1. Miezi ya safari. Wekeni ziara kubwa kiangazi. Ziara ya msimu wa mvua iwe ahadi yenye "kama", na asiyefika asihukumiwe.

2. Nani ana neno la mwisho. Mwamuzi wa safari awe yule aliyeko kwenye mvua. Wa Dar atoe maoni, asitoe amri.

3. Mnasoma taarifa ya wapi. TMA hutoa utabiri na tahadhari kwa mikoa. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Angalieni mkoa wa mwenzako, msiangalie wa kwako tu.

4. Njia ya mtoto. Itembeeni wote wawili kwa miguu siku moja ya jua. Mkiona korongo kwa macho yenu, ugomvi wa asubuhi utapungua.

5. Jumamosi bila mechi. Amueni mapema mtafanya nini na mtakuwa na nani.

6. Akiba ya kukwama. Pesa ya kulala siku mbili njiani iwe kwenye simu ya anayesafiri kabla hajapanda basi, na betri ijae.

Mvua ya kusini ndiyo inayolisha ufuta, mbaazi na mihogo ya watu. Haitaacha kunyesha kwa sababu mimi na wewe tuna miadi. Mtu mzima anayependa hupanga mapenzi yake yapite katikati ya hali hiyo, na mwenzake akisema "leo siwezi kuvuka," jibu lake la kwanza ni "uko salama?" Mengine yatafuata.

Una kisa chako cha kukwama, kugombana au kupatana wakati wa mvua? Niandikie, barua nzuri zitatoka humu. Tukutane toleo lijalo, na mwavuli usiusahau.