Ng'ombe, Mkate na Porojo

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kwamba “fellow” ni mwenzi, au mtu tu. Lakini neno hilo lina asili yake. Liliingia Uingereza pamoja na watu wa Skandinavia waliohamia huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika lugha yao lilikuwa “félagi”, na sehemu yake ya kwanza maana yake ni ng'ombe, au mali. Basi mwenzi alikuwa mtu aliyetoa mali yake akaiweka pamoja na ya mwingine, ili faida na hasara ziwe zao wote.

Kadhalika “companion” latokana na Kilatini: ni yule alaye mkate pamoja na mwenziwe.

Bali “gossip” liliharibika. Hapo kale lilikuwa “godsibb”, yaani ndugu wa ubatizo, msimamizi wa mtoto. Baadaye likawa rafiki wa karibu. Kisha mpiga porojo. Na leo ni porojo zenyewe. Undugu ulikwisha, maneno yakabaki.

Kiswahili nacho kina neno shirika, lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kugawana fungu. Mwanachama asiyetoa fungu lake wala kuhudhuria mkutano, ila huwasengenya wenzake njiani, ameiacha njia ya “fellow” na kuishika ile ya “gossip”. Haba na haba hujaza kibaba. Porojo hazijazi hata kikombe.