Kabla ya Kushangilia Moshi, Soma Joto

Ukiingia YouTube usiku ukatafuta mashindano ya pikapu za dizeli kule Marekani, hulali mapema. Pikapu inafungwa tela zito la chuma, dereva anakanyaga, moshi mweusi unapaa kama nyumba imeshika moto, na mashabiki wote wanasimama. Lengo ni kuvuta tela futi 300, yaani kama mita 91. Kwenye tela kuna sanduku la uzani linalosogea mbele kadiri gari linavyokwenda, kwa hivyo mzigo unazidi kukaza hadi gari linyanyue mikono.

Comments za vijana wetu huko chini ni moto tupu, na karibu zote zinasifu moshi. Wanasifu hasara. Moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua yote. Ukiongezea injini ya dizeli mafuta bila kuiongezea hewa, joto la eksozi linapanda, tena linapanda mbio, bana. Pistoni nyingi ni za aloi ya alumini, na alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi za Selsiasi. Mafundi wengi wa dizeli huko hushauri gesi ya eksozi isikae juu ya nyuzi 1,250 za Farenhaiti, ambazo ni kama 677 za Selsiasi. Mbona basi pistoni haiyeyuki hapo hapo? Kwa sababu kila mzunguko unaleta hewa mpya, na oili inaipoza kwa chini. Lakini ukikawia kwenye joto hilo, chuma nacho kinafika. Magari ya mashindano hupita kiwango hicho kwa mbali na huponea tu kwa sababu mvuto wenyewe ni wa sekunde chache.

Kifaa cha kupima joto hilo kinaitwa pirometa, na mahali pa kukiweka ni vita. Wengine hukiweka baada ya turbo, wakihofia kipande kikikatika kitaingia kwenye mapanga yake. Hofu hiyo naielewa. Ila gesi ikishapita turbo imepoteza joto jingi, na ukiwa umekanyaga, tofauti inaweza kufika mamia ya nyuzi za Farenhaiti. Unasoma namba tamu huku pistoni inaisha.

Halafu kuna hatari ya injini kukataa kuzima. Sili ya turbo ikifa, injini inaweza kunyonya oili yake yenyewe na kuendelea kunguruma hata ukichomoa ufunguo. Dawa ni kuinyima hewa. Ndiyo maana magari makubwa ya mashindano huwa na kifaa cha kufunga hewa, kilichounganishwa na tela kwa waya. Gari likichomoka, waya unakivuta na injini inakosa pumzi.

Sasa kuna yule msee wa mtaani anayetaka double cab yake ibadilishwe programu itoe moshi kama ule. Hana turbo kubwa, hana mfumo wa kunyunyizia maji kwenye hewa inayoingia, na hatavuta kwa sekunde chache. Atapanda na mzigo kutoka Salgaa hadi Mau Summit, dakika baada ya dakika, na watu wamejaa ndani.

Kama ni wewe, muulize fundi atakuwekea pirometa wapi. Akikuambia haina kazi, chukua ufunguo wako uende.