Baga ya dukani, tuiangalie vizuri
Kwa hapa Uvira, nyama ya baga iliyogandishwa ya dukani siiamini. Inahitaji baridi isiyokatika tangu kiwandani hadi jikoni, na umeme wetu kila mtu anaujua: ukienda nyama inayeyuka, ukirudi inaganda tena. Ukikuta chengachenga za barafu ndani ya pakiti na vipande vimegandamana, rudisha. Nyama ya kusaga si sawa na mnofu, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu juu mashine inavichanganya mpaka ndani. Mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993, watoto 4 walikufa Marekani kwa baga ambazo hazikuiva vizuri. Nasi tunao ng'ombe wa milima ya Itombwe na wa bonde la Ruzizi, waliokua kwa majani, ingawa vita na uporaji vimewapunguza sana, na hilo linaniuma. Mama, baba, nendeni kwa muuza nyama asubuhi mapema, mumwombe nyama ya bega pamoja na mafuta yake, isagwe mkiiona, muipike siku hiyohiyo mpaka ndani pasibaki wekundu.