Bibi wa Mkotokuyana aliuliza: Wale watafiti walipata nini?

Juzi, baada ya kliniki ya watoto katika kata ya Mkotokuyana wilayani Nachingwea, bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kwa chanjo alinisubiri mpaka wenzake wote wakaondoka. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akasema: "Mwanangu dokta, miaka ile walikuja vijana nyumbani na vimashine vya mkononi. Wakauliza tumezaa wangapi, wamekufa wangapi, walikufa siku ya ngapi. Tukajibu yote, hata yale yanayouma. Je, walipata nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni la haki. Mama anayemsimulia mgeni habari za mtoto aliyemzika anatoa kitu kikubwa kuliko damu ya kipimo. Wengi wetu tuliosomea udaktari tumenufaika na majibu ya kina mama wa Lindi na Mtwara, lakini ni wachache tuliorudi kuwaeleza. Leo naitumia safu hii kumjibu bibi yule, na wewe uliye Nachingwea, Ruangwa au kwingineko unayelea mtoto au unayemtarajia.

Utafiti nitakaoueleza uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzao wa chuo cha afya ya jamii cha London. Ulifanyika katika wilaya sita: Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini kwa mkoa wa Lindi; Newala, Tandahimba na Mtwara Vijijini kwa mkoa wa Mtwara. Mpango wenyewe uliitwa Mtunze Mtoto Mchanga, na huenda jina hilo unalikumbuka.

Katika karibu nusu ya kata za wilaya hizo, wanawake wa kujitolea zaidi ya 800 walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi wapya majumbani. Walifika mara tatu wakati wa ujauzito na mara mbili baada ya kujifungua. Walizungumzia kujiandaa kwenda kituoni, usafi wakati wa kuzaa, kumnyonyesha mtoto mapema na kumweka katika joto. Walikuwa hata na kadi yenye picha ya unyayo, ya kumtambua mtoto aliyezaliwa mdogo mno pale ambapo hakuna mizani. Kata zilizobaki ziliendelea na huduma za kawaida, ili baadaye pande mbili zilinganishwe. Mwaka 2013 wadadisi walipita katika kaya zipatazo 185,000 kuuliza yaliyotokea.

Jibu la kwanza ni la kufurahisha. Kina mama walisikiliza. Katika kata zilizotembelewa, waliomnyonyesha mtoto ndani ya saa ya kwanza walikuwa kama 42 katika kila 100, wakati katika kata nyingine walikuwa kama 30.

Jibu la pili ni zito. Vifo havikupungua. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, takriban 30 walifariki kabla ya kutimiza siku 28, katika kata zilizotembelewa na zisizotembelewa vilevile. Tofauti iliyokuwepo ilikuwa ndogo mno kuweza kusema kwamba mpango ule uliokoa maisha.

Wapo watakaosema basi kazi ile ilikuwa bure. Mimi naona ilitufundisha jambo ambalo sisi wa makoti meupe hatukupenda kulisikia. Kwa miaka mingi mtoto mchanga akifa tumezoea kusema mama alichelewa, mama hakuelewa, mama ni wa kijijini. Hapa mama alielimishwa, akaelewa, akabadilika. Na wanawake wa kusini katika miaka hiyo walizidi kwenda kujifungulia vituoni, kama tulivyowaomba. Mtoto bado alikufa. Basi lazima tuangalie alipofikia, yaani kwetu.

Watoto wachanga wengi wanaokufa huuawa na mambo matatu: kushindwa kupumua wanapozaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati, na maambukizi. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea siku ya kwanza. Asiyepumua ana dakika moja tu ya kusaidiwa, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Dakika hiyo haimsubiri mama aliyefundishwa vizuri nyumbani. Inamtaka mkunga aliye chumbani, mwenye kifaa mkononi na mikono iliyozoea.

Nitakupa mfano wangu mwenyewe. Nikiwa daktari wa mafunzo kazini, katika hospitali nisiyoitaja, usiku mmoja alizaliwa mtoto wa kiume asiyelia. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani na nikafaulu. Ule mpira wenye barakoa ndogo wa kumpulizia mtoto hewa ulikuwepo hospitalini, umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa ameshaondoka. Ulipopatikana, mikono yangu ilitetemeka, barakoa haikukaa sawasawa usoni, hewa ikavujia pembeni. Mama yake alifika mapema, tena na vifaa vyote tulivyomwagiza. Hakukosea chochote. Tulikosea sisi, na mtoto hakupona.

Ndiyo maana nafuatilia sana utafiti kuhusu namna ya kuwafundisha wahudumu wa afya, na katika hili Tanzania imeifunza dunia. Katika hospitali nane nchini, wakunga walifundishwa kwa kutumia mdoli namna ya kumsaidia mtoto apumue. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliongeza somo lingine. Mafunzo ya siku moja, yale ya kuja, kula chakula cha mchana na kuondoka na cheti, yaliwafanya wahudumu wafaulu mbele ya mdoli bila kubadilisha walichofanya mbele ya mtoto halisi. Mabadiliko yalikuja walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale wodini. Hapo vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Ni kama mchezaji wa mpira: hakuna kocha anayemfanyisha mazoezi mara moja kwa mwaka akategemea mabao.

Njia hiyo ikapanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalitoka mwaka 2025: watoto waliozaliwa wafu au kufa mapema walipungua kwa asilimia 18. Mkoa wa Lindi haukuwemo kwenye utafiti huo. Kusini walijibu maswali magumu. Ni haki yao wapelekewe na majibu yanayofanya kazi. Huo ndio msimamo wangu, na ningependa uwe wako pia.

Jambo jingine ambalo majibu yenu yalifichua ni umbali. Katika sensa ya kaya zipatazo 226,000 iliyofanywa kusini mwaka 2007, vifo vya kina mama vilivyosababishwa moja kwa moja na uzazi vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa walioishi ndani ya kilomita tano kutoka hospitali. Kwa walioishi zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422. Anayekaa mbali hafi kwa uzembe. Barabara ya masika, pikipiki ya kukodi na kituo kisichoweza kumfanyia upasuaji humchelewesha.

Sisemi haya ili uogope kituo. Nyumbani hakuna mpira wa hewa, hakuna damu, hakuna dawa ya kuzuia kutoka damu. Nenda kituoni, na nenda mapema. Ukiwa mbali, au uliwahi kujifungua kwa upasuaji, au una mapacha, zungumza na mkunga tangu mwezi wa saba upange mahali pa kukaa karibu na hospitali siku zikikaribia. Weka akiba ya nauli wakati wa korosho au ufuta, usingoje uchungu.

Mtoto akishazaliwa salama, awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa moja, asiogeshwe kabla ya saa 24. Kitovu kiachwe kikavu: si majivu, si mafuta, si mate. Akizaliwa mdogo, omba akae kifuani mwako muda mrefu iwezekanavyo, njia tunayoiita kangaruu. Madaktari wa Bogotá nchini Colombia waliianza mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikuwatosha, kama zisivyotutosha sisi. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kunapunguza vifo vya watoto hao kwa robo. Baba na bibi nao wanaweza kupokezana.

Rudi kituoni saa hiyohiyo ukiona mtoto hanyonyi, amelegea, anapumua kwa kasi au mbavu zinaingia ndani, ana degedege, amepata joto kali au amekuwa wa baridi, kitovu kina usaha au wekundu, au umanjano umefika viganjani na nyayoni. Usingoje asubuhi.

Na kwenye kituo chako, uliza. Kila zahanati na kituo cha afya kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Mwambie mjumbe wenu aulize mambo matatu: mpira wa kumpulizia mtoto hewa upo chumba cha kujifungulia au kabatini? Mara ya mwisho wahudumu kufanya mazoezi nao ilikuwa lini? Usiku akizaliwa asiyelia, nani yupo? Uliza kwa heshima, maana mkunga aliye peke yake zamu nzima naye anahitaji mtetezi.

Mwisho, watafiti watakuja tena, na nakusihi usiwafungie mlango. Utafiti wa afya nchini hutakiwa kupata kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Una haki ya kuonyeshwa kibali, kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kukataa swali au kujitoa, bila kunyimwa matibabu. Nakuomba uongeze swali moja kabla hujaanza kujibu: "Matokeo mtatuletea lini, na nani atakuja kuyasoma kwenye mkutano wa kijiji?" Andika jina lake na tarehe.

Bibi, walichopata ni hiki: binti zenu walisikiliza na kutimiza waliyoambiwa. Deni lililobaki ni letu sisi tunaowapokea.