Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Utumishi wa Umma: Sharti la Miaka 45

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mafia, kisiwa ambacho msafiri hukivukia kwa chombo kitokacho Nyamisati, juu ya sharti moja fupi liandikwalo katika karibu kila tangazo la ajira ya serikali, ya kuwa mwombaji awe raia wa Tanzania na umri wake usizidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yumo kazini serikalini. Mijini sharti hili husomwa kwa wepesi. Huku kwetu huwarudisha watu wazima mlangoni kabla hawajaulizwa wanajua nini.

Mchukulie mama wa Jibondo, katika visiwa hivi vyetu, mfano wa wengi. Kisiwa chake ni mwamba, ambako kwa vizazi maji ya kunywa yalivushwa kwa vyombo, na riziki yake ni uvuvi, uundaji wa majahazi, na mwani, ambao hulimwa kwa kuufuata mwezi: likija bamvua na maji yakikauka, wanawake huteremka na kamba na vigingi vyao, wakainama kufunga mbegu mpaka maji yawapate tena magotini, na yakiwa maji mafu, hungoja. Mama huyu alipata astashahada ya serikali za mitaa katika chuo cha Hombolo, kisha akaolewa, akalea, akauguza wazee wa pande mbili. Na sasa wanawe wamefika sekondari, ambako ada imefutwa walakini sare, madaftari na nauli hazikufutwa, ndipo anapopata wasaa wa kuvitoa vyeti vyake katika mfuko wa nailoni na kutafuta kazi ya mshahara. Ana miaka 47. Kwa kuwa maombi hupelekwa kwa mtandao, humwendea kijana wa jirani mwenye simu amfungulie akaunti. Kijana huyasoma masharti kwa sauti, hufika penye umri, hunyamaza, kisha humrudishia vyeti.

Hesabu iliyomo katika sharti hili naifahamu. Sheria ya mwaka 2018 ya mfuko wa hifadhi ya jamii ya watumishi wa umma yataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ndipo mtu astahiki pensheni ya kila mwezi, na umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Basi aingiaye na miaka 45 hutoka na miaka yake 15 kamili. Hesabu ni sahihi, lakini hukumu itokanayo nayo haina insafu, kwani kukosa pensheni si sawa na kutofaa kazi. Mtu wa miaka 47 ana miaka 13 ya kutumika, ilhali kijana aletwaye kisiwani kutoka mbali aghalabu huanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajazijua njia za vitongoji vyake, wala sioni ajabu, maana hana jamaa hapa. Ajira ya mkataba, ambayo mwisho wake hulipwa kiinua mgongo, si jambo geni katika serikali yetu. Kwa nini isimfae mzazi huyu?

Huenda ukasema kwamba akosaye ajira akope ajiajiri. Nako kwenye mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani imegawiwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mama yetu aweza kujiunga na kikundi akakopa. Mumewe, mwenye miaka 50 na siha yake timamu, hana fungu lake.

Sikuombi, Mheshimiwa, uwanyime vijana nafasi zao, wala upunguze sifa za elimu. Naomba kwamba kwa kazi za kijiji na za kata, katika visiwa na vijiji vilivyo mbali, mwenye sifa aliyevuka miaka 45 aruhusiwe kuomba kwa mkataba wa miaka iliyosalia kufikia 60, na kwamba ofisi ya kata iagizwe kumsaidia kupeleka maombi yake pale simu isipokuwapo. Tangazo lijalo la watendaji wa vijiji vya Mafia na litoke bila ya sharti hilo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi wa Mafia