Posta ya Uingereza, mizani ya Naliendele

Desemba huku kwetu ni mwezi wa magunia. Malori ya korosho yanapita Naliendele usiku na mchana kwenda Mtwara mjini, na sisi tunaokaa kando ya barabara tunayajua kwa mngurumo, lililojaa na lililo tupu. Nimestaafu kazi ya mizani, kwa hiyo mwaka huu jioni zangu zilikuwa huru. Nilizitumia kutazama filamu na tamthilia za Uingereza. Sikupanga hivyo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja likizo na flashi mbili zimejaa, akaniambia, "Mjomba, wewe ni mtu wa hesabu. Anza na hii ya posta."

Huu ni msimu wa kutaja bora wa mwaka, nami nataja wangu. Kwangu filamu ni ya mwaka huu ikiwa imenifikia mwaka huu, hata kama Waingereza wenyewe waliiona zamani. Kabla sijaendelea niseme ninavyopima. Naipa alama filamu ya Uingereza pale inapowashitaki Waingereza wenyewe: ofisi zao, nyumba zao, historia yao. Wametengeneza nyingi za kutufundisha sisi.

Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri kwenye milima ya Usambara, kundi la Waingereza lilitengeneza filamu fupi 35 za kuwaelimisha Waafrika. Walifundisha habari za minyoo, malaria na kilimo. Mojawapo ilihusu akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini na kuibiwa, mwenzake anazipeleka posta na zinabaki salama. Miaka ya 1950 zikaja filamu ndefu za Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa kijana aliyefanya kazi katika idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Somo lilikuwa lile lile: mwananchi ndiye wa kurekebishwa, ofisi ndiyo ya kuaminiwa.

Sasa nije kwenye ile ya posta. Mr Bates vs The Post Office ilionyeshwa Uingereza siku nne mfululizo mwanzoni mwa Januari 2024. Ni kisa cha kweli cha mawakala wa posta, watu wenye duka dogo kijijini lenye dirisha la posta pembeni: stempu, pensheni za wazee, vifurushi. Shirika la posta liliwapelekea programu ya kompyuta iitwayo Horizon. Jioni wakala akifunga hesabu, kompyuta inamwambia ana shoti ya pauni elfu kadhaa. Droo haina kasoro, kichwa chake hakina kasoro, lakini kompyuta inasema. Mkataba wake unamtaka alipe. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi au hesabu za uongo, wengi kwa kesi zilizofunguliwa na shirika lenyewe. Wako waliofungwa jela na waliouza nyumba. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Julai 2025 inasema watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa sababu hiyo.

Kuna tukio moja nimelirudia mara nyingi. Mama mmoja, Jo Hamilton, anapiga simu ya msaada akiwa mbele ya kompyuta. Anafuata anachoelekezwa, kitufe kwa kitufe, na lile deni linakuwa maradufu mbele ya macho yake. Mtu wa upande wa pili wa simu hana la kumsaidia. Na mawakala wengi waliolalamika waliambiwa neno moja: ni wewe peke yako, wengine wote hawana tatizo hili.

Hapo niliomba mpwa wangu asimamishe picha.

Nimewahi kuambiwa neno hilo. Nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha ushirika ambacho sitakitaja. Tulipokea korosho mapema mwezi wa kumi, nyingine bado na unyevu, zikakaa ghalani wiki kadhaa zikisubiri mnada. Siku ya kuzitoa, mizani ikaonyesha pungufu ya kilo 214. Kila mtu aliyewahi kulala kwenye ghala la korosho anajua unyaufu: korosho inakauka, inapungua uzito, hakuna aliyeiba hata punje. Nilieleza. Niliambiwa makarani wa vijiji vingine hesabu zao zimekaa sawa, ni mimi tu. Nilikatwa mshahara misimu miwili. Mke wangu aliacha kwenda kwenye kikundi chake cha kukopeshana kwa sababu ya maneno. Miaka sita baadaye, kwenye msiba kule njia ya Tandahimba, nilikaa mkekani na karani mwenzangu wa zamani, naye akanisimulia kisa hicho hicho, msimu huo huo, na neno lile lile. Kila mmoja wetu alikuwa amebeba aibu yake peke yake.

Ndiyo maana Alan Bates ananigusa kuliko shujaa yeyote wa filamu za bunduki. Alikuwa na posta yake Llandudno, Wales, akanyang'anywa mkataba mwaka 2003 kwa sababu alikataa kulipa deni asilolijua. Alichofanya ni kuwatafuta wengine, mmoja mmoja, akawaita kwenye ukumbi wa kijiji, wakatazamana. Katika tamthilia (Toby Jones ndiye anayemwigiza, mtu mfupi mwenye sweta) hakuna muziki mkubwa pale ukumbini. Watu wanaingia wakiwa na haya, wanakaa, halafu mmoja anasema kisa chake na mwingine anainua kichwa. Mwaka 2019 mawakala 555 walishinda Mahakama Kuu, na jaji akasema wazi kwamba programu ile ilikuwa na kasoro. Taifa lilisikia likaendelea na shughuli zake. Zilihitajika jioni nne za televisheni ili lishtuke. Zaidi ya watu milioni moja waliweka saini kutaka aliyekuwa mkuu wa shirika, Paula Vennells, anyang'anywe nishani, naye akasema atairudisha. Mwezi Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile.

Nimeisimulia kwenye baraza la kahawa mara tatu. Wazee wetu walizoea filamu za kigeni kupitia sauti za akina Lufufu na King Rich, waliozitia Kiswahili zikawa zetu, kwa hiyo kusimuliwa picha si jambo geni. Sikuhitaji kueleza Horizon ni nini. Mzee mmoja aliniuliza tu, "Na waliwarudishia fedha zao?" Nikamwambia wapo waliolipwa, wapo waliokufa wakisubiri.

Ya pili kwangu ni The First Grader, ya mwaka 2010. Kimani Maruge, mzee wa Kikuyu aliyepigana Mau Mau, anakwenda shule ya msingi mwaka 2004 akiwa na miaka 84 kwa sababu serikali ya Kenya chini ya Rais Kibaki imesema elimu ya msingi ni bure kwa wote. Anasimama getini na kaptula yake na soksi ndefu. Oliver Litondo anamwigiza kwa utulivu ambao sijauona kwa wengi. Filamu, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick, haifichi kambi za kizuizini: tunaona mateso, tunaona nani aliyekuwa akiyaamrisha. Nilitazama tarehe. Filamu ilitoka 2010. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa katika kambi zile, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Walioleta jambo hilo ni wazee waliokwenda mahakamani London. Lakini kamera ilikuwa imekwisha kusema kabla ya waziri.

Adolescence ya mwaka 2025 niliitazama usiku mmoja, vipande vinne, na kila kipande kimepigwa bila kukatwa hata mara moja. Mtoto wa miaka 13 anakamatwa alfajiri akishukiwa kumuua msichana wa shuleni kwao. Baba yake, fundi bomba, hakuwa mlevi wala katili. Mtoto alikuwa chumbani kwake na simu, na wazazi waliamini kwamba aliye chumbani yuko salama. Wazazi wa Mtwara tunaonunua simu kwa fedha za msimu tuitazame. Nina lawama moja nayo: msichana aliyeuawa, Katie, hana nafasi ya kuzungumza. Tunajua chumba cha muuaji kuliko tunavyojua chumba cha marehemu.

Blood Parliament, makala ya BBC kuhusu vijana waliopigwa risasi nje ya Bunge la Kenya tarehe 25 Juni 2024, ni kazi kubwa ya upelelezi wa picha. Waandishi walichambua picha zaidi ya 5,000 mpaka wakawatambua wafyatuaji. Naiheshimu sana, lakini siiweki juu, maana hapa kamera ya Uingereza inatazama kwa jirani. Ninachotaka ni televisheni zetu za Afrika Mashariki ziwe za kwanza kufanya kazi hiyo, na ziachwe kuionyesha.

Nimeacha nje Serengeti, ile ya wanyama ya mwaka 2019. Picha zake ni nzuri mno. Ila nyani amepewa jina Bakari, simba wana majina na mikasa ya kifamilia, na Mtanzania mwenye jina simwoni. Jambo hilo liliniumiza.

Nalisema hili kwa watayarishaji wetu, wale waliotupa tamthilia za Huba na Jua Kali. Mnajua kuandika mapenzi na urithi, na tunawatazama. Njooni Mtwara. Hapa pana mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007, pana minada ambayo wakulima wamewahi kuisusa. Pana Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaingia vijijini. Pana uhakiki uliofuata, mkulima akitakiwa kuonyesha kwamba korosho ni zake na hakuzinunua kwa kangomba, ule ununuzi wa magendo. Pana mama aliyesimama mbele ya meza hiyo na karatasi zake kwenye mfuko wa rambo. Kisa hicho hakihitaji kubuniwa, kinahitaji mtu wa kukaa na daftari na kusikiliza.

Daftari langu la mizani bado ninalo, liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Juzi mpwa wangu alilitoa, akapiga picha ukurasa wa zile kilo 214, kisha akaweka simu yake mezani na kuniambia nianze tangu siku ya kwanza, gunia la kwanza, na nisiruke kitu. Tumefika wiki ya tatu ya Oktoba. Kesho jioni tunaendelea, na yule mwenzangu wa Tandahimba amesema atakuja.