‘Haina madhara’ si sawa na ‘inaponya’

WATU wazima wa Kigera mjini Musoma, na wenzao wa Bunda na Butiama, hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea mwaka 2011. Kijiji cha Samunge, Loliondo, kiko upande wa pili wa Hifadhi ya Serengeti, na aliyetoka Mara aliweza kukatiza kupitia Mugumu. Huko, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha maji yaliyochemshwa kwa mizizi ya mti wa mugariga kwa Sh500 tu, akisema kinatibu Ukimwi, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Wapo waliofia kwenye foleni.

Serikali ilifanya uchunguzi wa awali, kisha ikatangaza kwamba dawa ile haina madhara kwa binadamu. Wananchi wengi, na hata baadhi yetu waandishi, tuliipokea kauli hiyo kana kwamba imesemwa kuwa dawa inaponya. Hayo ni mambo mawili tofauti. Maji safi hayana madhara, lakini hakuna anayedai kwamba yanaondoa kisukari. Waliokunywa kikombe kisha wakaacha dawa za kupunguza makali ya VVU hawakudhurika kwa mugariga, walidhurika kwa kile walichokiacha. Hadi Mwasapile anafariki dunia Julai 2021, hakukuwa na utafiti uliothibitisha kwamba kikombe chake kiliponya Ukimwi.

Wanaodharau miti shamba nao wanasahau historia. Kwinini ilitokana na magome ya mti wa Amerika Kusini. Artemisinini, iliyo msingi wa dawa mseto ya malaria, ilitolewa kwenye mmea uliotumiwa na waganga wa China kwa karne nyingi, na mtafiti wake, Tu Youyou, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mtafiti huyo alibaini kwamba joto kali huharibu kiini cha dawa, akalazimika kukitenga kwa etha isiyohitaji joto kubwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya mmea huo: kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, na kikiwa kidogo, vimelea hubaki hai na kujifunza kuistahimili dawa.

Kwa mkazi wa ukanda wa ziwa, hilo si jambo la vitabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kuwapo kwa vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini mkoani Kagera, ng’ambo ya Ziwa Victoria. Chanzo chake si lazima kiwe chai, maana hata vidonge vya hospitali visipomalizwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Dawa za kisasa nazo si malaika. Klorokwini ilishindwa, ikaondolewa kwenye matibabu ya kawaida mwaka 2001. Ikaja SP, nayo ikazidiwa, na dawa mseto ikachukua nafasi yake mwishoni mwa 2006. Tofauti ni kwamba kushindwa kwake kulipimwa, kukaandikwa, na dawa ikabadilishwa. Ni mganga gani wa mtaani ana daftari la wagonjwa ambao dawa yake haikuwasaidia?

Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, tunalo Baraza la kusajili waganga na dawa zao, na Muhimbili ina taasisi ya tiba asili yenye mizizi tangu 1974. Lakini mnunuzi anayeona neno ‘imesajiliwa’ kwenye chupa hana namna ya kujua kama dawa ilipimwa sumu tu, au ilijaribiwa kwa wagonjwa ikaonekana inatibu. Baraza liamuru hilo liandikwe wazi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Nao wahudumu wa zahanati waache kuwakaripia wagonjwa wanaokiri kutumia mizizi. Mwenye kisukari anayemeza vidonge na kunywa mchanganyiko mwingine wa kushusha sukari anaweza kuanguka na kuzimia. Kama alikwishakemewa mara moja, safari ijayo hatasema alikunywa nini, na daktari atabaki akibahatisha.